Sale Mdomoni mwa Nyati

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakipanga vyumba mjini na kugombana kuhusu nani hajafagia uwanja, alikuwako Perere mmoja, fundi cherehani. Mnamjua perere, wanangu? Yule mdogo wa mlimani, manyoya tele, mkia hana, na sauti kubwa kuliko mwili wake. Naam, huyohuyo. Msianze kucheka, sijafika popote.

Perere huyu aliishi katika mji wa Majabali, kwenye chumba cha kupanga kilichobanwa kati ya jiwe na jiwe. Dirisha lake lilikuwa dogo. Jua lilichungulia asubuhi, likaona hakuna nafasi, likaenda zake. Pale dirishani palikuwa na sufuria kuukuu iliyotoboka kitako, na ndani ya sufuria mlikuwa na mmea mmoja wa gimbi.

Gimbi lile halikuwa la kuliwa. Mbegu yake ilitoka shambani kwa mama yake Perere, katika kijiji cha Masaleni. Mwaka wa ukame mama alimbeba mwanawe mgongoni na mbegu ile mkononi, wakaja mjini. "Mvua ikinyesha tutarudi," alisema mama. Mvua ikanyesha, ikanyesha tena, miaka ikapita, nao hawakurudi. Kulikuwa na nguo za watu za kushona kila siku.

Mama alifia chumbani mle. Siku zake za mwisho aliomba sufuria isogezwe karibu na kitanda, akawa analishika jani la gimbi kama unavyoushika mkono wa mtu.

Tangu hapo, kila mvua ilipopiga bati, Perere aliacha cherehani yake katikati ya mshono, akatoa pua dirishani. Fff! Fff!

"Fundi!" alilalamika Nungunungu, mteja wake, ambaye suruali zake zilitoboka kila wiki, na sababu mnaijua. "Suruali yangu vipi?"

"Subiri kidogo, kaka. Nanusa."

"Unanusa nini?"

"Natafuta harufu ya udongo uliolowa."

"Hapa Majabali? Hapa kuna mawe na moshi tu, dada yangu."

"Najua," alisema Perere, na machozi yakamlengalenga. "Ndiyo maana natafuta."

Siku moja baada ya mvua kama hiyo aliifunika cherehani kwa kitambaa, akamwambia Nungunungu, "Kaka, natafuta fundi wa kumwachia wateja wangu. Narudi Masaleni. Mama aliniachia eka mbili."

"Eka mbili! Utalima nini kwenye eka mbili?"

"Magimbi bondeni, mnavu kidogo juu, na mizinga ya nyuki kwenye miti. Nitakachokula nitakula, kitakachozidi nitauza sokoni."

"Eh! Hilo si shamba, hilo ni la kuchezea."

"Basi niache nikacheze," alisema Perere. "Tangu nikiwa mtoto nafanya kazi. Kucheza sijawahi."

Nungunungu akachukua suruali yake, akaivaa palepale. Chaa! Ikatoboka.

*

Perere alifika Masaleni na mzigo mdogo mgongoni na sufuria ya gimbi kifuani. Nyumba ya mama ilikuwa imeinama upande mmoja. Shamba lilikuwa pori: magugu kifuani, siafu wakipita kama wenye nyumba. Lakini chini, bondeni, kijito kilikuwa kikitiririka vilevile, na ng'ambo ya kijito masale ya mama yalisimama kwenye mstari, mabichi.

Hapa nitasimama kidogo, maana bila masale hadithi hii hamtaielewa. Sale ni mmea wa majani marefu membamba, na kule Masaleni ndio mpaka. Hawakuweka seng'enge wala ukuta. Palipoota sale, shamba lako limeishia hapo, na mwenye heshima zake halivuki. Sale lina kazi nyingine pia, lakini hiyo subirini.

Perere alipiga magoti ukingoni mwa kijito, akachota udongo, akauweka puani. Fff!

"Ndiyo hii," alisema. "Mama, ndiyo hii."

Akalia sana, na wala hakujificha.

Sufuria yenyewe aliiweka dirishani kwanza. "Gimbi la mama nitalipanda siku nitakapovuna ya kwangu," alijiambia. "Arudi akute chakula kimeiva."

Alikuwa angali na udongo mkononi aliposikia ardhi inatikisika. Dii! Dii! Dii! Kivuli kikamfunika yeye na nusu ya bonde. Alikuwa Nyati, jirani wa ng'ambo, mwenye shamba lisiloonekana mwisho.

"Nani analia huku?" alinguruma. "Nasikia sauti, simwoni mtu!"

"Shikamoo, Mzee Nyati. Nipo huku chini, karibu na kwato yako."

"Marahaba. Aa! Nimekuona. Wewe ni kitu gani?"

"Ni Perere, mzee. Mtoto wa marehemu, mwenye shamba hili."

"Ohoo! Umekuja kuliuza."

"Nimekuja kulilima."

Nyati alicheka mpaka vyura wakaruka majini. "Ha! Ha! Haaa! Kwa mikono hiyo? Utapalilia mpaka wajukuu zako waote mvi!" Akageuka kwenda zake, na alipogeuka, pwaa! pwaa! akaacha lundo kubwa la kinyesi kwenye ardhi ya mwenzake bila hata kusema samahani.

"Ahsante kwa samadi, mzee!" aliita Perere.

Na hakuwa anatania. Aliizoa ile samadi yote, akaitandaza alipotaka kupanda. Alifyeka magugu, akageuza udongo, akalowesha mbegu, akapanda magimbi kando ya kijito na mnavu kule juu. Alichonga magogo, akayatoboa, akayaning'iniza mitini, nyuki wakaja wenyewe. Jioni viganja vilimuuma na mgongo ulikataa kunyooka, naye alilala akitabasamu. Mjini alikuwa halali.

Mnavu ulipostawi akaubeba kwenda sokoni siku ya gulio, Jumamosi. Basi hapo ndipo alipogundua jambo. Nyani mmoja mwenye miwani, mtu wa ofisini, alichukua fungu la mnavu, akalinusa, akafumba macho.

"Vipi bosi, umekauka?" aliuliza Perere.

"Hapana. Ila..." Nyani alivua miwani akaifuta. "Bibi yangu alikuwa akipika huu. Umetoka wapi?"

"Masaleni."

"Nifungie yote."

Kumbe mji mzima wa Majabali ulikuwa umejaa watu wanaotoa pua madirishani! Kila mmoja alidhani ni peke yake. Tangu siku hiyo Perere alipofika sokoni aliwakuta wamepanga foleni, na wote waliuliza swali moja. "Magimbi je? Magimbi lini?"

"Yakikomaa," alijibu. "Mvumilie. Hata mimi nayasubiri."

*

Sasa, shamba la Nyati lilikuwa kubwa, lakini lilikuwa kavu. Nyati ni mtu wa matope, mnajua. Kila siku alisimama kileleni kwake, akatazama chini lile bonde la kijani, magimbi yenye majani mapana kama miavuli, na maji yanayopita katikati yake. Akameza mate.

Jumamosi moja Perere alirudi kutoka sokoni, akashuka bondeni kunawa miguu. Akasimama. Akafikicha macho.

Masale hayakuwa ng'ambo tena. Yalikuwa upande wake wa kijito!

Aliyakaribia. Mstari ulikuwa umenyooka vizuri, lakini majani yalikuwa yamelegea na kunywea, ilhali mvua ilinyesha juzi tu. Mmea uliong'olewa na kupandikizwa huwa hivyo. Kando yake palikuwa na alama za kwato kubwa.

"Mzee Nyati!" aliita. "Mzee Nyati, masale ya mama yamehama!"

Nyati alikuwa amelala kijitoni, tumbo majini. "Yamehama? Kwani masale yana miguu?"

"Wewe ndiye uliyeyahamisha!"

"Nani ameniona?"

Perere alikimbia kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tandala, mwenye pembe ndefu za kujisokota na moyo mfupi. Akamweleza yote. Tandala alisikiliza huku akitazama nje kama kuna anayekuja.

"Mwanangu, desturi yetu unaijua. Sale lilipo ndipo mpaka ulipo. Kuna aliyemwona akiling'oa?"

"Wote tulikuwa guliani, mzee."

"Basi unaona."

"Lakini bila maji magimbi yatakufa! Na bila magimbi nitarudi kwenye mawe. Mwenyekiti, si una pembe wewe? Mwambie neno!"

Tandala alishusha sauti. "Mimi nina pembe, mwanangu. Yeye ana pembe na hasira."

Jumamosi iliyofuata, Perere aliporudi, masale yalikuwa yamepanda katikati ya shamba la magimbi. Nusu ya mimea ilikuwa upande wa Nyati, na Nyati alikuwa akigaagaa juu yake. Chubwi! Chubwi! Majani yamepondeka, mashina yamekatika, magimbi machanga yameelea kwenye tope.

"Shikamoo haipo leo?" alicheka Nyati.

Perere alipanda nyumbani, akakaa kizingitini na sufuria ya mama mapajani. Kwa mara ya kwanza aliwaza kurudi mjini. Aliiona ile foleni ya sokoni ikimsubiri bure, akakiona chumba, akaliona lile dirisha. "Mama," alisema, "nimekurudisha nyumbani, na sasa nyumbani kwenyewe kunaliwa."

Akaligusa jani la gimbi. Na alipoligusa, wanangu, akakumbuka jani jingine.

Alikuwa mdogo sana. Aliiba asali ya jirani, Bibi Kakakuona. Mama hakumchapa. Alikwenda mpakani, akachuma jani la sale, akamwekea mwanawe mdomoni. "Nenda mpaka kizingitini kwake," mama alisema. "Ukifika usiseme neno. Anayeleta sale hasemi, anayeletewa ndiye anayesema. Atalitaja kosa lako, atakwambia ulirekebishe vipi, na lazima akusamehe, hana ruhusa ya kukataa. Ila usiliteme! Anayetema sale kwenye kizingiti cha mtu, hakuna nyumba itakayoitikia hodi yake tena, mpaka afe."

Perere mtoto alikwenda, jani mdomoni, machozi yakimtiririka. Na Bibi Kakakuona akamsamehe.

Hiyo ndiyo ile kazi nyingine ya sale niliyowaambia msubiri.

Perere mkubwa alitazama bondeni. Nyati hana vidole. Nyati hubeba vitu kwa...

"Mdomo!" alisema. Akaanza kucheka huku mashavu bado yamelowa. "Huyahamisha kwa mdomo!"

*

Kule Masaleni alikuwako Ngiri, na Ngiri kazi yake ilikuwa kupeleka maneno. Ulichomwambia asubuhi, mchana ulikisikia kwa mtu mwingine kikiwa kimeongezwa chumvi. Alikula kwa Nyati, kwa hiyo kwa Nyati maneno yalifika kwanza.

Kesho yake Ngiri alipita mlangoni kwa Perere, akamkuta anafunga mizigo.

"Dada Perere! Mbona vifurushi? Unakwenda wapi?"

"Ah, kaka Ngiri, usimwambie mtu."

"Mimi? Toba! Mdomo wangu ni kaburi."

"Nimeshindwa. Narudi mjini. Jumamosi mchana, watu wote wakiwa guliani, nitaondoka kimyakimya. Sitaki kuonwa nikilia."

"Masikini! Masikini dada wa watu!" Masikio ya Ngiri yalikuwa yamesimama.

"Na ningeondoka na amani, ila naogopa kitu kimoja."

"Kipi? Kipi?"

Perere alitazama kulia, akatazama kushoto. "Hapa kizingitini, unapaona? Ndipo ninapomwaga maji ya vyombo. Udongo wa hapa umenona. Sale likipandwa hapa leo, kesho limeshika, utadhani liliota na nyumba. Mzee Nyati akilijua hilo ataleta masale yote hapa mlangoni, na shamba zima litakuwa lake, na nyumba ya mama pia. Namwomba Mungu asijue!"

"Asijue, dada! Asijue kabisa!" alisema Ngiri, na hata kuaga hakuaga. Mkia juu, tiriri! tiriri! akashika njia ya kwa Nyati.

Perere aliendelea kufunga mizigo, maana uongo unataka vyombo vyake. Alikunja shuka. Alifunga sufuria za kupikia. Alipolitoa gimbi la mama dirishani, machozi yakamtoka. Alikuwa anajua kwamba anadanganya, lakini machozi hayakujua. Alikaa juu ya kifurushi akalia kama mtu anayeondoka kweli, kwa sababu alikuwa ameshaondoka hapo mara moja, na hajasahau.

Kisha akanawa uso, akaenda kwa mwenyekiti.

"Mzee Tandala, naondoka. Jumamosi mchana nawapikia majirani magimbi machanga niliyookota topeni, tule pamoja, tuagane. Gulio mwende baadaye."

"Loo! Pole sana, mwanangu," alisema Tandala, na uso wake ulionyesha nafuu kidogo. "Tutakuja."

"Mpitie mlango wa nyuma, mbele kuna mizigo. Na Mzee Nyati msimsumbue. Ana kazi nyingi siku hiyo. Wala Ngiri msimwambie, atayamaliza magimbi yote."

*

Jumamosi ikafika. Majirani walijaa ndani: Tandala na mkewe Mama Tandala, Bibi Kakakuona aliyezeeka mpaka magamba yamepauka, Digidigi na watoto wake, na wengine. Walikula magimbi kwa asali, wakizungumza polepole kama kwenye msiba. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa.

"Matamu haya," alinong'ona Mama Tandala. "Kama ya marehemu mama yako. Kwa nini uondoke, mwanangu?"

Kabla Perere hajajibu ilisikika sauti kutoka bondeni. Ng'wa!

"Nini hiyo?" aliuliza Digidigi.

Ng'wa! Ng'wa! Ng'waa!

"Kama mtu anang'oa kitu," alisema Bibi Kakakuona.

"Kuleni, jamani, kuleni," alisema Perere. Akawaongezea asali, jicho likiwa mlangoni.

Dii! Dii! Dii! Kishindo kikaanza kupanda mlima. Vikombe vikagongana mezani. Dii! Dii! Kikafika uani. Dii! Kikasimama mlangoni.

Perere akafungua mlango. Paa!

Mbele ya kizingiti alisimama Nyati, mzimamzima, na mdomoni mwake tita la masale, mizizi ikidondosha udongo upande huu, majani yakining'inia upande ule.

Mnaniuliza, hakujua sale mdomoni lina maana gani? Alijua. Lakini Nyati hajawahi kuomba radhi tangu azaliwe, kwa hiyo jambo hilo halikumpitia kichwani hata kidogo. Alidhani amebeba mpaka tu.

"Karibu!" alisema Perere kwa sauti yake ile kubwa. "Karibu sana, Mzee Nyati! Jamani, njooni muone! Mzee Nyati ameleta sale!"

Vichwa vikajitokeza nyuma yake. Tandala alikuwa na gimbi shavuni, akasahau kutafuna.

"Mmmmh!" alisema Nyati, macho yamemtoka.

"Anasema ndiyo," alisema Mama Tandala.

"Mmh-mmh! Mmmmh!"

"Anasema ndiyo mara mbili! Jamani, huyu ana majuto kweli!"

"Wengine huleta jani moja," alisema Perere. "Yeye ameleta tita zima. Na alichokosea anakijua, maana amekuja nacho!"

"Aliliililiiii!" Bibi Kakakuona alipiga kigelegele, magamba yakamcheza. "Nyati ameomba radhi! Nimeishi nikaiona siku hii!"

Nyati akalegeza taya ili aseme. Sale moja likateleza, likabaki linaning'inia mdomoni.

"Usiteme!" walipiga kelele wote kwa pamoja.

Akabana tena. Kap!

Alimtazama mmoja mmoja. Digidigi. Mama Tandala. Yule kikongwe. Alifikiria kupiga hodi jioni kwenye mlango wowote wa Masaleni na kusikia kimya. Alikuwa mkubwa vile, wanangu, lakini hata mkubwa hupenda kuitikiwa. Jasho likamtoka puani.

Na hapo Mzee Tandala, sijui alipata wapi ujasiri, labda ni lile gimbi, akameza, akasogea mbele. "Mzee Nyati ameleta sale mbele ya macho yetu wote," alisema. "Perere, taja kosa."

Perere akatoka hadi kizingitini. Alifika nusu tu ya goti la Nyati, lakini hakuinama.

"Masale haya aliyapanda mama yangu kwa mikono yake," alisema. "Ukayang'oa tukiwa sokoni. Magimbi yangu ukayalalia. Nataka masale yarudi ng'ambo ya kijito, kila moja mahali pake, kabla jua halijatua, na uyapande wewe mwenyewe."

"Mmh," alisema Nyati. Lilikuwa dogo sana, lile mmh.

"Sasa msamehe," alisema Bibi Kakakuona.

Hapo Perere akakwama. Hilo hakulipangia. Alitaka shamba lake, wala si kumsamehe mtu. Aliwaza magimbi machanga yaliyoelea topeni, akawaza kile kicheko, na neno likakataa kutoka. Alitamani kumchukia Nyati mwaka mzima angalau. Watu wote walikuwa wakimtazama. Lakini sale likishaletwa limeletwa, na mtego alioutega mwenyewe ulikuwa umemnasa na yeye mguu mmoja.

Akaitazama sufuria juu ya vifurushi.

"Nimekusamehe," alisema. Nusu ya moyo wake ndiyo iliyosema. Nusu nyingine ilifuata baadaye, taratibu, kadiri magimbi yalivyochipua tena.

Akapokea tita kwa mikono miwili, likambwaga chini, pu! wakacheka wote. Nyati akapata mdomo wake.

"Mimi," alianza, "mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa?" aliuliza Tandala.

Nyati akatazama masale. Akatazama watu. "Nilikuwa naleta sale," alisema.

Basi akayarudisha yote, Perere akimwelekeza, "Hilo kushoto, mzee, hilo hapo penye jiwe," na kijiji kizima kimesimama ukingoni kinatazama. Ngiri naye alikuja, akaona, akageuka haraka kuwahi kupeleka habari, ila safari hii hakukuwa na aliyebaki wa kupelekewa.

"Na safari ya mjini?" aliuliza Tandala wakati wa kuagana.

"Safari gani, mzee?"

"Si umefunga mizigo?"

"Sasa naifungua."

Tandala akavitazama vifurushi, akamtazama yeye. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka pembe zikashika kwenye mlango. "Ewe! Mtoto wa mama yako!"

*

Magimbi yaliyosalia yakakomaa. Siku ya kuvuna Perere hakwenda sokoni. Aliyachemsha, akayamenya, akayapakua kwenye sahani mbili. Kisha akaibeba sufuria ya mama mpaka ukingoni mwa kijito, akachimba, akalitoa gimbi taratibu na udongo wake wa mjini, akalishusha kwenye udongo wa kwao, akalifukia.

Mvua ikaanza. Harufu ikapanda kutoka ardhini, nzito, ileile. Fff! Shamba lake ndilo hili, maji yake ndiyo haya, na kila alichokitaka dirishani kwa miaka yote kilikuwa mbele yake. Isipokuwa sahani ya pili hapakuwa na wa kuila.

Akapanda juu ya mti, akaelekeza uso kwenye kilele cha mlima, akaita. "Mama! Tumerudi! Krrr... krrr... kwiiii! Njoo ule!"

Jumamosi iliyofuata aliwapelekea wale wa sokoni magimbi yao, wakabeba na kwenda kunusa majumbani kwao. Lakini kila giza lilipoingia, Perere alirudi juu ya mti wake. Ndiyo ile sauti mnayoisikia mlimani, mkajifunika shuka mkiniita. Hakuna cha kuogopa, wanangu. Anamwita mama yake, chakula kimeiva.

Na mwenye kunyakua cha mdogo akumbuke kwamba iko siku atakutwa nacho mdomoni, mbele za watu. Hadithi nimeishusha hapa kizingitini, haya, kila mtu akalale.